Mtangaze ugonjwa, msitangaze majina yetu

Wandugu wa Goma, Bukavu, Butembo, Beni, Bunia, Uvira, na ninyi wote mnaotufuata kwa simu zenu,

Wengi wetu tumeona picha ya namna hii. Wakati mpox ilikuwa inatembea katika mji, picha moja iliingia katika grupu ya WhatsApp ya kartiye yetu. Karatasi iliyopigwa picha juu ya meza: majina matatu, miaka, avenyu, namba za simu, na kando ya kila jina neno moja, "kontakti". Aliyeituma aliongeza maneno manne: "Mjichunge na hawa watu." Mbele ya saa mbili kupita, picha ilikuwa imefika kwa grupu ya kanisa, ya wanamotari na ya wauzaji wa soko.

Mmoja kati ya hao watatu ni mama anayeuza makala. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa amemsaidia jirani kubeba mtoto, basi. Kesho yake hakuna aliyenunua makala yake. Mwenye nyumba akamwambia atafute pengine. Na kijana mmoja wa parsele ya nyuma, ambaye alikuwa ameanza kutoka vipele, aliona yote hayo, akafunga mlango. Hakwenda kituo cha afya. Alimtuma ndugu yake kununua dawa ya kupaka, akaendelea kulala chumba kimoja na wadogo zake wanne.

Hatutaji ni kituo gani karatasi ilitoka, wala ni nani aliyepiga picha. Tunataka kuzungumza juu ya huo mlango uliofungwa. Njo hapo ugonjwa unapata nguvu.

Kuna watu wanafikiri mambo ya siri ya mgonjwa na sheria ya data ni kazi ya wanasheria wa Kinshasa na watu walio na kompyuta. Sisi tunasema ni jambo la parsele, la soko, la mlango. Na msimamo wetu ni huu: data za ugonjwa zitembee haraka, zifike kwa watafiti wa hapa na wa ng'ambo, lakini majina yetu yabaki nyumbani, chini ya ulinzi wa sheria. Mambo hayo mawili yanaenda pamoja. Bila la pili, la kwanza linakufa.

Tunajua faida ya kutoa, tumeiona kwa macho

Tusidanganyane. Kuna maneno mengi mitaani kwamba "wazungu wanachukua damu yetu kwenda kuuza". Hasira hiyo ina historia yake, hatuicheki. Lakini tukumbuke pia hii.

Mwaka 1995 Ebola iliua watu zaidi ya 200 Kikwit. Mtu mmoja aliyepona alikubali, miaka kadhaa baadaye, kutoa damu yake. Profesa Muyembe na watafiti wa INRB, pamoja na wenzao wa ng'ambo, walitafuta ndani ya ile damu wale askari wa mwili walioshinda virusi. Kutoka hapo ilitengenezwa dawa iliyoitwa mAb114.

Miaka zaidi ya 20 ikapita. Tarehe 1/8/2018 Ebola ikatangazwa kwetu, Kivu ya Kaskazini, kisha Ituri. Mwezi wa 11 mwaka ule majaribio ya dawa nne yakaanza. Yalipewa jina la Kiswahili chetu: Pamoja Tulinde Maisha, kwa kifupi PALM. Wagonjwa 681 waliingia, Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Mwezi wa 8 mwaka 2019 majaribio yakasimamishwa mapema juu majibu yalikuwa wazi: kwa dawa mbili kati ya hizo, karibu nusu ya wagonjwa walikuwa wanakufa, kwa mAb114 na dawa nyingine iliyoitwa REGN-EB3, ilikuwa karibu theluthi moja. Tangu siku hiyo wagonjwa wakawa wanapewa zile mbili zilizo bora. Damu ya mtu wa Kikwit iliokoa mtoto wa Mangina. Hiyo ni Kongo ikisaidia Kongo, na ikisaidia dunia.

Chanjo vilevile. Watu zaidi ya 300.000 walichanjwa katika ile epidemi. Ilifanyika namna gani? Kwa listi: mgonjwa anataja aliokaa nao, hao wanataja wengine, na wote wanachanjwa kama duara kuzunguka nyumba ya mgonjwa. Bila majina hakuna duara.

Na mpox: mwezi wa 9 mwaka 2023, Kamituga, katika mji wa wachimba dhahabu wa Kivu ya Kusini, waganga waliona ugonjwa unaenda tofauti na zamani. Unapita kati ya watu wazima, unafika kwa wanawake wanaofanya kazi katika bar. Vipimo vikapelekwa labo, wataalamu wakasoma virusi, wakakuta tawi jipya, lile wanaloita clade Ib. Wakatoa habari hiyo kwa dunia nzima. Tarehe 14/8/2024 OMS ikatangaza hali ya dharura ya dunia, na mwanzoni mwa mwezi wa 9 chanjo za kwanza zikafika Kinshasa. Kama wale wataalamu wangekaa na majibu yao ndani ya droo, chanjo hizo zingekuja lini?

Kwa hiyo mtu asije kutuambia kwamba vijana wanapinga sayansi. Tuko upande wa sayansi. Njo maana tunaikasirikia inapofanya kazi vibaya.

Jina likiogopa, data inadanganya

Tarehe 14/7/2019 Ebola ilifika Goma. Msafiri mmoja alitoka Butembo kwa basi, mgonjwa tayari. Njiani kulikuwa na vituo vya kuosha mikono na kupima joto. Wizara ya Afya yenyewe ilieleza kwamba alitoa majina tofauti kutoka kituo hadi kituo. Siku tatu baadaye, tarehe 17/7, OMS ikatangaza hali ya dharura ya dunia.

Hatumhukumu, na jina lake halitatoka kwetu. Tunauliza tu: juu ya nini mtu mgonjwa adanganye jina lake kwa watu waliokuja kumsaidia? Juu aliona yale sisi wote tuliyaona. Gari la riposti linasimama mbele ya nyumba, watu waliovaa kama wa mwezini wanashuka, kartiye nzima inajua. Kutoka siku ile wewe si fulani tena, wewe ni "mtu wa Ebola". Hata ukipona. Tuko na waliopona waliorudi na cheti cha kupona mkononi, na bado watu wakakataa kula nao.

Mtafiti aliye mbali anapokea jedwali safi lenye mistari na namba. Hajui kwamba nyuma ya mstari wa 14 kuna jina la uongo, na kwamba mgonjwa wa 15 hayumo kabisa juu alijificha. Anafanya hesabu zake, anaandika, serikali inapanga dawa kufuata hesabu hiyo. Mtu anayefikiri kwamba siri ya mgonjwa inachelewesha utafiti, aje tumwonyeshe namna kukosa siri kunavyouharibu.

Sheria iko. Imelala tu

Wengi hawajui kwamba nchi yetu iko na sheria kwa jambo hili. Tuzitaje, mzishike kichwani.

Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 31: kila mtu ana haki ya maisha yake ya faragha kuheshimiwa, na siri ya barua na mawasiliano yake.

Kode ya makosa ya jinai, kifungu cha 73: mtu aliyepewa siri kwa sababu ya kazi yake, kama muganga au muuguzi, akiitoa nje ya pale sheria inaruhusu, ametenda kosa. Yaani ile picha ya karatasi ni zaidi ya ukosefu wa adabu. Ni kosa la kuadhibiwa.

Sheria namba 08/011 ya tarehe 14/7/2008 inalinda haki za watu wanaoishi na virusi vya ukimwi. Nchi ilielewa zamani kwamba bila siri hakuna atakayekuja kupimwa. Juu ya nini tulisahau somo hilo Ebola na mpox zilipokuja?

Na mwisho, Kode ya Dijitali, sheria-amri namba 23/010 ya tarehe 13/3/2023. Hiyo inaweka data za afya kati ya data nyeti, zile zinazotaka ulinzi mkubwa kuliko nyingine. Inampa mtu haki ya kujua data zake ziko wapi, kuziona, na kusahihisha makosa. Inaweka masharti kwa data zinazotoka nje ya nchi. Inataka kuwe na mamlaka ya kulinda hizo data.

Ni sheria nzuri. Lakini mwulize muuguzi wa kituo cha afya cha Kiziba au cha Karisimbi: nani alikuja kukufundisha Kode ya Dijitali? Nani alikupa kabati lenye kufuli, au simu ya kazi, ili usitumie WhatsApp yako mwenyewe kupeleka ripoti ya jioni? Muuguzi huyo mara nyingi hajalipwa. Anapiga picha ya karatasi kwa simu yake juu hana njia nyingine ya kuifikisha zoni ya afya kabla ya usiku. Kisha mtoto wake anacheza na ile simu. Hatutaki kumfunga huyo muuguzi. Tunataka wakubwa wampe vyombo vya kazi.

Karatasi moja, kazi mbili

Hapa ndipo watu wengi wanachanganyikiwa, hata wakubwa, kwa hiyo tuende pole pole.

Kazi ya kwanza ni kuzima moto. Ugonjwa umeingia, lazima wajue nani anaumwa, analala wapi, amekaa na nani. Hapo jina linahitajika. Hata kama hupendi, sheria za afya zinataka ugonjwa kama Ebola utangazwe haraka kwa wakubwa wa afya. Sisi tunakubali. Lakini hilo jina ni la timu inayofuata kontakti peke yake. Shefu wa avenyu anaweza kusaidia kuonyesha nyumba. Hahitaji kubaki na kopi ya listi mfukoni. Na siku 21 za kufuatiliwa zikiisha, jina limemaliza kazi yake.

Kazi ya pili ni utafiti: kujua dawa gani inaponya, virusi vinabadilika vipi, nani yuko hatarini. Hapo jina halihitajiki hata kidogo. Inatosha namba ya siri, na ufunguo wa kuunganisha namba na jina ubaki mahali pamoja, hapa nchini, kwa mtu anayejulikana. Na hapo mgonjwa lazima aulizwe, kwa lugha anayoelewa, akiwa na uwezo wa kusema hapana na bado atunzwe sawa na mwingine.

Shida yetu ni kwamba mara nyingi kazi hizo mbili zinapita kwa karatasi moja, kwa mkono mmoja, siku moja. Mgonjwa ana homa, anaambiwa "weka sahihi hapa". Hajui kama anakubali kutunzwa, kuchukuliwa damu ya kupima, au damu yake kukaa miaka 20 ndani ya friji ya nchi asiyoijua.

Tuongeze jambo moja. Kufuta jina peke yake haitoshi. Fikiri mstari huu: mwanamke, miaka 24, anafanya kazi katika bar, mji mdogo wa machimbo, aliumwa juma la pili la mwezi wa 10. Jina halimo. Lakini mtu wa mji ule akisoma, anamjua mara moja. Mtafiti mwenye akili anapunguza: anaandika "miaka 20 hadi 29", anataja jimbo badala ya mji, anaacha kazi ya mtu kama haihitajiki. Hesabu yake inabaki ileile, na dada yetu anabaki salama. Virusi vyenyewe vikisomwa, herufi zake zinaweza kuwekwa wazi kwa dunia nzima. Hakuna anayepata aibu juu ya herufi za virusi. Aibu inaanza pale zinapobandikwa karibu na mtu.

Na vita ikiingia?

Mwezi wa 1 mwaka 2025 Goma iliingiliwa na vita, M23 wakachukua mji. Katika siku hizo wagonjwa wa mpox zaidi ya 100 walikimbia vituo walimokuwa wametengwa. Shirika la Msalaba Mwekundu la kimataifa lilitoa sauti kuhusu labo ya INRB hapa mjini: umeme ukikatika, vipimo vilivyo ndani vitakuwa vipi? Dunia ilisikia juu virusi vya Ebola vinatisha.

Sisi tuliuliza swali lingine ambalo halikuwa katika habari: na daftari? Listi za wagonjwa na za kontakti, faili za waliopona, za wenye ukimwi, za akina mama waliobakwa na kutunzwa, zilibaki mikononi mwa nani? Mji ukibadilisha bwana kwa siku moja, kila karatasi iliyoachwa juu ya meza inakuwa ya anayeingia na bunduki. Watu wa Ulaya wakisema juu ya faragha wanafikiri matangazo ya biashara. Kwetu ni mlango unaogongwa usiku. Kwa hiyo hapa Mashariki sheria ya data ingepaswa kuwa kali kuliko popote, na sharti la kwanza liwe: usiandike kisichohitajika. Karatasi isiyoandikwa haiibiwi.

"Wakati wa janga hakuna nafasi ya sheria"

Tumesikia hilo neno. Tunajibu kwa mfano wa nyumbani. Mwezi wa 2 mwaka 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, vikachomwa. Mwezi wa 4 muganga wa OMS aliuawa Butembo akiwa kazini. Katika moto ule, PALM iliendelea kuomba wagonjwa ruhusa au ndugu zao, chini ya macho ya kamati ya maadili, na ikatoa majibu yaliyobadilisha matibabu ya dunia nzima. Kama iliwezekana Butembo mwaka 2019, nani atatuambia haiwezekani mahali pengine?

Ebola ilirudi tena mwezi wa 9 mwaka 2025, Bulape, Kasai. Itarudi. Hatuwezi kila mara kuanza na kelele, kisha kujifunza nyuma ya makaburi.

Na wakubwa wa dunia nao watusikie. Tarehe 20/5/2025, Geneva, nchi za OMS zilipitisha Mkataba wa magonjwa ya mlipuko. Swali gumu kuliko yote waliliacha kwa kiambatisho: nchi inayotoa virusi na habari zake itapata nini katika chanjo na dawa? Sisi ni watu wa Kikwit, wa Mangina, wa Kamituga. Tumetoa kwanza, mara nyingi. Mtu anayepokea data zetu apokee pia deni.

Tunachoomba

1. Serikali ilete mamlaka ya kulinda data hadi mikoani, na mahali ambapo mama wa makala anaweza kupeleka malalamiko yake bila avoka na bila tiketi ya ndege.

2. Wizara ya Afya itenganishe karatasi mbili: moja ya kufuatilia ugonjwa, nyingine ya utafiti, kila moja na ruhusa yake, kwa Kiswahili, Kinande, Mashi, Lingala na lugha nyingine za watu.

3. Kila kituo cha afya kipate kabati lenye kufuli, simu ya kazi na mafunzo. Na mshahara. Muuguzi asiyelipwa hawezi kubeba siri ya mji mzima peke yake.

4. Kila mradi wa utafiti ubandike hadharani: wanachukua nini, kinakwenda wapi, kitakaa miaka mingapi, nani ana ufunguo wa majina. Ukimalizika, majibu yarudi kwa kartiye iliyotoa damu, kwa mkutano wa kawaida, sio kwa jarida la Kiingereza peke yake.

5. Kila zoni ya afya iwe na mpango wa daftari wakati wa vita: nini kifungwe, nini kichukuliwe, nini kichomwe.

6. Vyama na mashirika yanayotoa pesa yaache kuomba listi zenye majina kama uthibitisho wa kazi. Hesabu inatosha.

Na wewe, na sisi

Tukiri. Ile picha ya kwanza, mmoja wetu naye aliituma mbele. Alifikiri anasaidia. Tulikaa naye, tukazungumza, akaenda mwenyewe kwa yule mama kumwomba pole, kisha akanunua gunia la makala mbele ya watu wote. Siku ile wanunuzi wengine wawili wakafuata. Haikufuta kosa lote. Lakini ilionyesha kwamba kartiye iliyofunga mlango inaweza kuufungua.

Basi tunakuomba mambo matatu. Ukipokea listi ya wagonjwa, ifute, na umwambie aliyeituma kwamba ni kosa. Ukiombwa damu au sahihi, uliza: hii ni ya kunitunza, au ya utafiti? Na ukielewa kwamba ni ya utafiti unaofanywa vizuri, usiogope kutoa, juu pengine damu yako njo itaokoa mtoto wa mji mwingine miaka 20 mbele.

Yule kijana wa parsele ya nyuma alipona. Mmoja wa wadogo zake aliambukizwa, naye akapona, kwa bahati. Hatutaki maisha yetu yategemee bahati.

Mtangaze ugonjwa, kwa sauti kubwa, kwa dunia nzima. Majina yetu mtuachie.

Sisi vijana wa harakati, Goma